Hali ya Ndege

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Gongoni,
ukingoni mwa mashamba ya chumvi,
kabla upepo haujaamka ukatuharibia kazi.
Mapajani, ndege: mbawa za boksi la samaki,
gundi, utepe wa kahawia,
na jina ulilolichora kwa kalamu nene:
CHENGO WA TATU.
Wa kwanza aliangukia dimbwini.
Wa pili hadi leo yuko juu ya mnara wa simu, akinyewa na kunguru.

Rimoti mpya uliyonitumia kutoka Doha
haielewani na kipokezi hiki cha zamani.
Ile inasema toleo la tatu, hiki kimebaki la kwanza,
kama mtu na shangazi yake wa Magarini:
wanasalimiana vizuri, kisha hawana la kuzungumza.

Kompyuta sina. Nina simu yenye ufa,
waya mfupi niliokopa kwa Mwanahalima wa duka la kava,
na faili niliyoishusha jana Malindi mjini,
nimesimama nje ya hoteli ya Mtaliano
nikila waifai ya bure
hadi askari akaanza kunikoholea.

Kipokezi ni kidogo kuliko kiberiti.
Nakichomeka. Taa ya buluu inapepesa
kama jicho lililoingia chumvi.
Simu inasema: usikate umeme.
Simu inasema: mipangilio yote ya awali itafutwa.
Unakubali?

Hapo kidole kinasita.

Maana mipangilio ya awali ni wewe.
Najua ulichokiandika mle, siku ile,
umechuchumaa, jua likikuunguza kisogo:
ukipoteza sauti yangu,
zima mota.
Usukani kushoto, kidogo tu.
Shuka ukizunguka.
Nikauliza, kwa nini kushoto?
Sidi, ukasema, kushoto kuna nyasi, kulia kuna maji ya chumvi,
na chumvi haina huruma na waya.
Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote ulizowahi kunipa.

Sasa kushoto kuna ua. Hukuambiwa.
Mwenye shamba ameleta nguzo za zege na seng'enge,
na nyuma ya seng'enge, mbwa.
Dimbwi la kulia wameliacha likauke.
Limekuwa gumu, jeupe, watoto wanalichezea mpira.

Nakubali.

Simu nimeiweka hali ya ndege,
asije mtu wa "tuma kwa namba hii"
akanikatiza katikati, kipokezi kikafa
nusu cha jana, nusu cha leo.
Asilimia kumi na nne.
Nacheka peke yangu: simu iko hali ya ndege
ili ndege iwe ndege.
Ishirini na tisa.
Saa ya huko ni hii hii ya hapa.
Ndiyo saa unayotoka lindo la usiku, ukapiga.
Arubaini na moja.
Sasa unamsikia yule mwanamke asiyechoka:
mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.
Wewe unafanya nini ukinipoteza, Chengo?
Unazima? Unapinda upande gani?

Sitini na mbili. Hapo inagoma.
Sitini na mbili. Betri ya simu, kumi na moja.
Karembo wa chumvi anapita na toroli,
anauliza ninampasua nani.
Simjibu. Sitini na mbili.
Kisha, bila kuomba radhi,
tisini. Mia.

Taa inatulia.

Naandika mwenyewe, kwa kidole gumba:
ukipoteza sauti yangu, zima mota.
Usukani kulia.
Lile "kidogo tu" nimeliacha kama ulivyolisema.

Nairusha. Inapanda juu ya vichuguu vyeupe,
inapita ua, mbwa anabweka kwa wajibu.
Kisha nafanya usilowahi kuthubutu:
nazima rimoti.
Moja.
Mbili.
Mota inanyamaza.
Ndege inafikiri kidogo,
inapinda kulia.

Simu bado sijaitoa hali ya ndege.
Acha itue kwanza.