Darubini ya Elfu Sitini

Bunduki yangu ina mpini mgongoni
kama pasi ya mkaa.
Nimeibeba hivyo miaka kumi na tisa,
kutoka Farkwa hadi ukingo wa Swagaswaga,
mdomo ukitazama mchanga,
na sijaona hata nguo moja iliyonyooka.

Ndahani ndiye aliyeleta darubini.
Kijana wa ajira mpya, buti zake bado zinalia.
Kaipata Dodoma mjini, soko la Sabasaba,
katikati ya chaja za simu na saa za ukutani,
kwa elfu sitini, bei ilianzia tisini.
Fupi, nyeusi, nene kama betri ya redio.
"Ya kizamani, Afande. Inaendana na yako."
Nikaigeuza: tumboni ina stika ya mwaka jana.
Imezaliwa juzi, ikavalishwa uzee,
kama bwana harusi aliyeazima koti la babu.

Tukaipandisha juu ya mpini.
Skrubu moja ikashuka kwenye tundu la katikati,
tundu nililodhani miaka yote ni la kupitisha upepo,
tukaikaza kwa sarafu ya mia mbili.

Hapo ndipo nilipoijua taabu ya mpini.
Jicho limehamia ghorofani,
mtutu umebaki chini na watoto.
Shavu langu, lililozoea kulala kitakoni,
likaning'inia hewani
kama jirani anayechungulia ua.
Karibu, risasi hupita chini ya ulichokusudia.
Mbali, huchoka, huinama.
Kuna mahali pachache tu, utapapima kwa hatua,
ambapo jicho na mdomo husema neno moja.
Nilimweleza mke wangu, akacheka hadi akakaa chini:
"Na wewe hatua zako ni ngapi?"

Ghala lilitoa risasi tano, kila moja na saini yake.
Kwenye mchanga mkavu wa mto Bubu
tukatundika boksi la mafuta ya alizeti juu ya mgunga.
Ya kwanza, boksi halikupata habari.
Ya pili, tawi.
Ndahani akazungusha kiskrubu, ta, ta, ta,
mlio wa mwisho mimi sikuusikia;
sijui ni kiskrubu kilichochoka au ni sikio langu.
Ya tatu ikagusa herufi ya mwisho.
Ya nne ikaifuata.
Ya tano tukairudisha mfukoni, tukiwa matajiri.

Kisha wakaja, alfajiri, shambani kwa Mama Nyemo.
Saba, ndani ya uwele uliobakiza wiki moja.
Yeye alikuwa anapiga debe, kanga kiunoni,
anawatukana kwa Kigogo, ukoo baada ya ukoo.
Nikainua bunduki, nikanyoosha shingo,
nikatafuta jicho langu ndani ya kile kibomba.
Ukingo wa kioo ulikuwa wa zambarau,
kama maji yaliyomwagikiwa mafuta ya taa.
Katikati, jike.
Sikio la kushoto limechanika.
Masuke mdomoni, unga wa uwele kidevuni.

Miaka kumi na tisa nimefukuza vivuli.
Kwa elfu sitini, kivuli kina kope.

Nikapiga juu, kama utaratibu unavyosema.
Kule juu palikuwa na nyota moja ya asubuhi;
darubini ilinionyesha mbili.
Waliondoka polepole, bila aibu,
wa mwisho akijikuna kwenye mnazi wa
simu, ule mnara, hadi ukatikisika.

"Umekosa?" akauliza Mama Nyemo.
"Sikulenga."
Akaangalia uwele wake uliolala.
"Basi hicho kidude ulikibeba cha nini?"

Kufika kituoni, umande umeshaingia ndani ya kioo,
upande ambao kitambaa hakifiki.
Ndahani ameiweka dirishani ipate jua,
anaigeuza kila baada ya muda, kama mhogo jikoni.
Mimi nimefungua daftari la ghala.
Risasi: moja.
Mahali: shamba la Mama Nyemo.
Safu ya shabaha nimeishikia kalamu,
wino ukaanza kukauka,
nikaiacha wazi.