Ulanzi Uliogeuka

Mwisho wa Mei, Kihesa, baridi imeanza kuuma vidole.
Mama anapukuchua maharage barazani,
mimi nimelipakata ligombo la baba
kama mtoto asiyetaka kuoga.

Jumamosi Gaudensi anaoa,
na amesema spika za kukodi zipige zitakavyo,
ila bibi harusi ataingia kwa sauti ya babu.
Haya. Lakini babu ametundikwa juu ya jiko
tangu tulipoanua matanga,
moshi wa mikaratusi umemvika koti,
na zile nakshi alizozipachika kwenye mninga
kwa kisu, kwa subira, kwa matusi ya chinichini,
sasa ni ukurutu: kijani hapa, weusi pale.

Dawa yake haiuzwi dukani.
Ni ulanzi wa wiki iliyopita, uliokwisha kupita ukangafu,
unaomfumba jicho hata mlevi wa Ipogolo,
na majivu ya magunzi, yachekeche kwa khanga kuukuu,
na mswaki uliokwisha kustaafu.
Chovya. Sugua kufuata nyuzi za mti.
Futa kabla mti haujalewa.

Inaamka ya kwanza: senti kumi yenye tundu,
siku aliyozaliwa kaka.
Ya pili, shaba nyekundu, waya wa simu
ulioanguka wenyewe, baba aliapa,
kando ya barabara ya Dodoma.
Ya tatu ni ganda la risasi. Jembe la bibi lililikuta
shambani Kalenga, likapondwa
likawa jani.
Nalisugua jani, linanitolea jicho la njano,
sisemi nalo.

Ya nne ndiyo niliyoiwekea akiba ya mkono.
Ile ni fedha. Tumekua tukiambiwa:
bangili ya mama, ya mahari,
baba aliikata akaizamisha katikati ya ubao,
"ili kila nikipiga, mama yenu asikie mkono wake."
Wageni walioneshwa. Padri alioneshwa,
akavaa miwani.

Fedha ikizeeka hufanya weusi.
Hii inatoa wekundu, ungaunga wa kutu,
unashuka na povu la ulanzi hadi kwenye sketi yangu.
Nasugua. Chini ya kutu kuna mstari,
chini ya mstari kuna herufi zilizogandamizwa na mashine:
M, A, F, na nusu ya U.

Mafuta.
Kopo la mafuta ya kupikia.

Mswaki umesimama hewani.
Nahesabu bila kutaka:
mwaka alioipachika ndio mwaka
alizeti ilipokosa mnunuzi, ikaoza guniani,
na mimi nikaitwa shule ya bweni,
nikaondoka na godoro, ndoo, viatu jozi mbili,
na sanduku jipya la bati lenye kufuli,
likimeta juu ya keria ya basi
hata nikaona haya kwa kung'aa kwake.
Sikuuliza. Nani huuliza, ana miaka kumi na minne
na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mfuniko?

Baba alipiga ligombo usiku ule, nakumbuka,
uzi mmoja unaokwenda na kurudi mara sita,
na wimbo ukagoma kuisha.

Maharage yanadondoka kwenye ungo, tka, tka.
Naligeuza ligombo upande wa ukuta,
nimfichie mama, angalau hadi Jumapili,
na mama, bila kuinua hata kope:

"Hapo kwenye fedha punguza nguvu," anasema.
"Hukwaruzika upesi."