Bakuli la Kumi na Tisa

Supu ya mwani tena. Mama mkwe ameifunika kwa kitambaa,
ameondoka bila kuvua hata koti.
"Kunywa, Boram, maziwa yapande."
Gunsan, ghorofa ya kumi na nne, dirisha limefungwa:
mzazi, wanasema, asipigwe na upepo.

Nani kapigwa na nini, hawaulizi.

Mtoto ana siku kumi na tisa, kucha kama magamba ya dagaa.
Namtazama kama niliyeachiwa mzigo
na abiria nisiyemjua, na treni imekwisha ondoka.
Lile pendo waliloniahidi
labda limekosea mlango, liko ghorofa ya tisa
kwa jirani anayeimba akianika nepi.

Mume wangu hurudi saa nne usiku, ananuka moshi wa nyama za bosi.
"Una bahati," husema, "unashinda nyumbani."
Nacheka. Kicheko kinalia kama sarafu bandia.

Mama alinizaa, akarudi kiwandani wiki ya tatu.
Simpigii. Nimwambie sina homa, sina msiba,
na bado nalia nikikunja soksi?

Leo kaja muuguzi na karatasi ya maswali.
La kwanza, umeweza kucheka? Nikatia tiki.
La pili, tiki. Mkono umezoea kudanganya.
La saba, kalamu ikagoma.

"Ni wino umeisha," akauliza, "au ni wewe?"

"Mimi."

Hakuandika kitu.
Akavuta lile bakuli, supu imepoa, akainywa yeye, yote,
mama mkwe asije akaniuliza.