Mshono

Gdynia, Januari. Mionzi ilipenya mshono wake
ikafichua tundu dogo kama punje ya ulezi.
"Kata. Anza upya," akasema Zbigniew, akaenda kunywa chai.
Grażyna akakata. Mara kumi na nne.

Usiku alisomea cheti jikoni,
kidole chenye lengelenge kikifuata mistari ya vipimo,
kile kipande kibovu kikikandamiza kifuniko cha pipa la kabichi.

Mwaka wa tisa, muhuri ukawa wake.

Leo picha ina tundu, na mshono ni wa Zbigniew.
Kalamu ikasita. Mvuke ukatanda kwenye miwani.
"Kata," akasema, sauti imemkauka.

Mzee akavua barakoa,
akaigeuza picha huku na huku kwenye mwanga.
"Haya," akasema. "Nenda kanywe chai."