Kutoka Kulia

Bi Mize Kombo aliingia darasani Konde
na miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni,
akabana magoti kwenye dawati la darasa la pili,
akalianza neno la kwanza kwa upande wa kulia.
"Otom," akasoma.
Nikamwambia, "Moto, bibi."
Akanitazama kama aliyekosea ni mimi.

Miaka khamsini anasoma msahafu,
macho yake yanaijua njia: kulia kwenda kushoto,
kama mtu arudiye kwao.
Na kwenye karatasi za serikali yeye ni dole gumba,
wino wa buluu juu ya weusi wa karafuu.
*Hajui kusoma*, liliandika daftari nililokabidhiwa.
Sikufuta. Nilitia alama ya kuuliza.

Nikamchorea mshale ubaoni kwa chaki nyekundu.
Ma, me, mi, mo, mu.
Msimu wa karafuu ukaingia, darasa likabaki watu watatu
na mbuzi mlangoni.
Yeye alikuja, kucha zikinuka makonyo:
"Hii b na hii d, hawa mapacha wamenichosha.
Mmoja kageuka, mamaye hakumwambia?"

Alhamisi moja akafungua pindo la kanga,
akatoa barua ya marehemu mumewe, ya kutoka Tanga,
mikunjo imeshakuwa matundu.
"Hii naijua kwa moyo. Dada yangu Kazija
alikuwa akinisomea kila nikimwomba, mpaka alipokufa.
Leo ntaisoma mwenyewe."

Kidole kikashika njia.
Sa-la-mu. Pe-sa. Ma-ba-ti.
Kikafika chini, kwenye jina.
Kikarudi juu.
Akageuza karatasi: nyuma kweupe.
"Mwalimu, liko wapi lile la usiku halali akinikumbuka?
Liko wapi 'Mize, mboni yangu'?"
Nikatafuta naye.
Pesa, mabati, salamu kwa wote.
Nilitamani nisijue kusoma.

Nje watu walianua karafuu mbio, wingu limeshuka,
wanaitana kwa majina.
Akacheka, taratibu, mkono mdomoni.
"Kazija," akasema. "Kazija we, muongo mkubwa.
Kumbe yale yote yalikuwa yako."

Hakuikunja.
Aliilaza dawatini, ule upande mweupe juu,
akaomba penseli.
"Kazija inaanza na ipi?"
Nikamwonesha.
Akaiweka ncha kwenye ukingo wa kulia,
nami nikanyamaza.