Nzuri, Mzuri

Umeme umekatika Igogo tangu saa moja.
Nina fomu sitini na nane na mwanga wa simu,
na kila fomu ina mistari miwili ya nukta:
Tabia ................
Mwenendo ................

Miaka tisa nimejaza bila kuuliza.
Juu naandika nzuri, chini naandika mzuri.
Tofauti ni herufi moja,
ile inayodaiwa na ngeli.

Leo kalamu imegoma kwa Nkwabi Malimi.
Siku ishirini na mbili hakuonekana darasani.
Akija, anakuja saa nne,
magamba ya sato yamemkaukia vifundoni,
anasinzia kabla sijamaliza kufuta ubao.
Mwenendo ni neno lenye miguu,
limezaliwa na kwenda,
na miguu yake najua inakokwenda:
Mwaloni, kubeba ndoo za dagaa
kabla ya adhana.

Lakini Machi, Nyanzobe alipoanguka kifafa
katikati ya saba mara nane,
wote tulirudi nyuma. Nasema wote.
Mimi nilikuwa na chaki mkononi,
nikaendelea kuishika.
Nkwabi akaamka, akavua sweta, akaikunja,
akaiweka chini ya kichwa cha mwenzake,
akamlaza ubavu, akakaa pale
akimfukuzia nzi mpaka macho yakarudi.
Hakuangalia nani anamwangalia.
Kisha akarudi dawatini kwake, akalala tena.

Nilitaka kusema tabia ni jiwe,
maana Mwanza mawe hayakosekani,
nyumba yangu yenyewe imeegemea moja.
Ila masika mawe nayo huviringika,
tumeshazika watu kwa ajili hiyo.
Sina mfano, basi. Nina sweta tu,
na vumbi la sakafu mgongoni mwake.

Nikaandika, Mwenendo: mbaya. Nisidanganye.
Kwenye tabia mstari ukaniishia,
nikapanda pembeni, nikageuza karatasi.

Ijumaa mama yake atakuja,
kanga inanuka moshi wa samaki,
atanirudishia fomu nimsomee.
Nitasoma, mbele na nyuma.
Ataniuliza, "Mwalimu, hayo si kitu kimoja?"
Nami, nisiyewahi kukosa kipindi,
ambaye fomu yangu mkuu huijaza
mzuri, mzuri, mzuri,
nitameza mate kwanza.