Dole Gumba la Kulia

Fomu inasema: bandika hapa dole gumba la kulia.
Kisanduku ni kidogo, kama tundu la kibanda cha vocha.
Nimekitazama tangu asubuhi,
maana dole gumba la kulia la Mashala Lubinza
lilibaki Jumanne chini ya giaboksi ya Fuso,
Fuso ya dagaa kutoka mwaloni Kirumba,
iliyokuwa ikivuja oili na harufu.

Mimi ni karani. Siinui injini.
Kazi yangu kalamu, risiti, sukari ya chai ya mafundi,
na daftari la ajali, jalada jekundu,
alilolinunua bosi siku mkaguzi alipopita Nyakato.
"Kabula, litunze, lisichafuke."
Halikuchafuka.
Ukilisoma, miaka mitatu hakuna aliyeumia hapa.
Ukisoma miili ya watu ni habari nyingine:
Doto na kucha mbili, Mhoja na paja lililoliwa na asidi ya betri,
yule kijana aliyekuja kujifunza kupiga rangi
akajifunza kukohoa.
Pole, elfu ishirini, kapumzike.

Ajali haina kinga, alisema bosi,
na mafundi wakainamisha vichwa,
kwani ukibisha methali ni kama umembishia babu yako.
Mimi nilikuwa pembeni napiga hesabu.
Stendi mbili za chuma za kushikilia giaboksi:
niliandika oda mwezi wa pili,
nikaandika tena mwezi wa tano.
Nakala ninazo.
Kinga ilikuwepo, na ilikuwa na bei,
nusu ya bei ya rimu mpya za gari lake.

Jana jioni akaingia, akafunga mlango.
Si mtu mbaya. Msiba wa mama yangu alitoa gari na mafuta.
"Andika kaumia kwake, anapasua kuni.
Nitampa laki tatu na gunia la mchele.
Tukienda Mfuko wa Fidia watapekua michango.
Halafu Mashala si mwajiriwa. Mkataba uko wapi?
Ni kibarua, alipita tu."

Alipita tu.

Nikavuta droo ya chini.
Kadi za kazi, zimefungwa kwa vipande vya tyubu.
Mashala na kalamu hawapatani;
kila gari alilolimaliza
aligonga dole nyuma ya kadi, gumba limelowa grisi.
Masika, kiangazi, mkesha wa Krismasi,
mistari ileile iliyojikunja
na kovu la bisibisi katikati.
Kadi mia nne na kumi na saba.
Nikazipanga zikafunika kikokotoo, kikombe,
zikafika kwenye viwiko vya bosi.
Kompresa ilijizima huko nje,
tukasikia korongo wakitembea juu ya bati.

Basi naandika.
Saa tisa na robo alasiri. Shimo la pili.
Chanzo: kalamu inataka "bahati mbaya",
naikataza. Jeki moja, stendi hakuna, oda zimeambatishwa.
Shahidi: Mhoja, aliyekimbia hadi Bugando
na kidole ndani ya kikombe cha barafu ya samaki.
Mshahara: ule anaoupokea mkononi,
si ule wa kwenye karatasi za kodi.
Bosi amesaini amesimama.

Mashala amekuja saa sita.
Bendeji nyeupe; sijawahi kuuona mkono ule msafi hivyo.
"Kwani kidole wanakipimaje?"
Nikamwambia kuna jedwali, gumba linazidi vingine.
Akacheka kidogo.
"Hata spana inajua hilo."

Nimekata neno kulia, nimeandika kushoto,
nimesaini pembeni.
Kadi ya Jumanne naibana juu ya zote.
Nyuma yake tupu, gari halikuisha.

Amegonga. Wino wa zambarau, mistari migeni.
Ameutazama mno ule muhuri wake mpya.
"Hauna grisi," akasema.
"Hawatanijua."